Ligi ikilala, maswali yaamke: mwongozo kamili wa shindano la likizo kwa wasomaji wa mpira Lubumbashi

Juni ikiingia, Lubumbashi inabadilika. Asubuhi watu wanatoka na makoti, vumbi la kiangazi linapanda, ligi imesimama, na yule kijana aliyekuwa akigombania kijarida chenu kila Jumatatu ili asome matokeo haonekani tena. Wenye vijarida vya mtaa, vya parokia na vya vyumba vya kusomea wanaujua msimu huu: nakala zinabaki mezani hadi Septemba.

Shindano la maswali lenye zawadi ndiyo dawa nzuri kuliko zote ninazozijua kwa miezi hiyo. Lakini ningependa tukubaliane mapema juu ya jambo moja. Zawadi inamleta msomaji mara moja tu. Kinachomrudisha wiki ya pili na ya tatu ni swali lililoandikwa vizuri, swali ambalo linampeleka komini ya Katuba kumuuliza babu yake, likaamsha ubishi kwenye kinyozi, na mwisho likawa na jibu moja tu ambalo hakuna anayeweza kulipinga. Kwa hiyo nguvu zenu ziende kwenye maswali.

Kalenda kwanza

Msianze mwezi wa Juni. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru, na siku zinazoizunguka ni za mitihani, matokeo ya shule na wazazi wenye wasiwasi. Anzeni wiki ya pili ya Julai, watoto wakiwa wamefunga shule na hawana la kufanya mchana. Fanyeni duru tatu au nne, moja kila wiki, maswali kumi kwa kila duru. Zaidi ya hapo watu wanachoka.

Mwisho wake uangalieni vizuri. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi: asubuhi watu wako makaburini wanafyeka na kusafisha, mchana watoto wanawasherehekea wazazi walio hai. Usimwite mtu kupokea zawadi siku hiyo. Chagueni Jumamosi inayofuata. Na zawadi zikiwa ni vifaa vya shule, Agosti ndiyo wakati wake, maana mzazi tayari ameanza kuhesabu bei ya madaftari.

Maswali yote ya duru zote yawe yameandikwa, yamehakikiwa na yamechapwa kabla duru ya kwanza haijatoka. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, hauna ahadi, na kwenye duka la fotokopi utakuta foleni siku ile ile uliyoahidi karatasi. Atakayeandika maswali usiku wa kuamkia siku ya kutoa, kwa mwanga wa simu, ataandika maswali mabaya.

Masharti yatoshe nusu ukurasa

Semeni nani anaruhusiwa kushiriki, majibu yanapelekwa wapi, mwisho wa kupokea ni siku gani na saa ngapi, mtu mmoja ana haki ya karatasi ngapi (moja), mkifungana mnafanyaje, na zawadi zitatolewa lini na wapi. Ongezeni sentensi moja kwamba walioandika maswali, wasahihishaji na watu wa nyumba zao hawashiriki. Sentensi hiyo ndogo inaokoa urafiki mwingi.

Halafu kuna jambo la pesa. Msitoze hata franka moja. Mkichukua kiingilio halafu mkagawa zawadi kwa kura, mmeingia kwenye bahati nasibu, na bahati nasibu ina sheria, vibali na ushuru wake. Kijarida kinachotoa zawadi bure kwa wasomaji wake kinabaki kuwa kijarida. Kama gharama zinawalemea, tafuteni mfadhili mmoja wa mtaani, mwenye duka la dawa au fundi cherehani, mchapeni jina lake chini ya maswali, na iishie hapo. Mfadhili asichague maswali wala mshindi.

Zawadi: ndogo, nyingi, na zinunuliwe mapema

Watu wengi huanza kwa kuwaza jezi. Jezi ni nzuri, lakini Lubumbashi ina mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo, klabu mbili kubwa za mji, na mshindi wa Lupopo ukimpa jezi ya Mazembe umemkosea. Kama ni jezi, aichague mshindi mwenyewe.

Mimi ningeweka zawadi kubwa iwe mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25. Kila nyumba mjini hapa inakula bukari, yaani ugali, na kila mama anajua unga unavyopanda bei ghafla. Mshindi akirudi nao nyumbani, familia nzima imeshinda, hata wale ambao hawajawahi kutazama mechi. Baada ya hapo wekeni zawadi nyingi za katikati: madaftari na kalamu, mkoba wa shule, mpira, kipande cha kitenge, salio la simu. Kumi wanaorudi nyumbani na kitu kidogo wanavuta watu zaidi ya mmoja aliyerudi na televisheni.

Nunueni kila kitu kabla ya kutangaza. Franka ikishuka thamani kati ya tangazo na siku ya kugawa, mfuko mlioahidi unageuka deni. Zawadi zikikaa mahali zinapoonekana, kwenye kaunta ya duka linalopokea majibu kwa mfano, watu wanaamini.

Maswali, ambako kazi yenyewe iko

Kila swali lipite kwenye majaribio matatu. Je, lina jibu moja tu? Je, mmelithibitisha kwa vyanzo viwili visivyonakiliana? Je, mtu anayeshabikia ekipe (timu) nyingine atalikubali jibu hata kama linamuuma? Likifeli moja, liandikeni upya au litupeni.

Hebu tuchukue swali ambalo kila mtu angeliandika kwanza: «Mazembe imechukua kombe la Afrika mara ngapi?» Linaonekana safi, lakini ni mtego. Kombe la klabu bingwa ni mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Lakini kuna pia Kombe la Washindi la 1980, Kombe la Shirikisho la 2016 na 2017, na Super Kombe la 2010, 2011 na 2016. Yote hayo ni makombe ya Afrika. Anayejibu tano yuko sawa, anayejibu kumi na moja yuko sawa, na wewe msahihishaji huna pa kujificha. Andikeni: «Mazembe imekuwa klabu bingwa ya Afrika mara ngapi? Taja miaka.» Ubishi umekwisha.

Tena wengine watasema mwaka 1967 hapakuwa na Mazembe. Wana hoja. Klabu hii iliundwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface, ikaitwa Saint-Georges, ikapita majina mengine hadi Englebert, na ilikuwa Tout Puissant Englebert ilipochukua makombe yale mawili ya kwanza. Kwa hiyo kila swali la zamani liseme jina la wakati ule, au liongeze maneno «klabu ambayo leo ni TP Mazembe». Fanyeni hivyo hivyo kwa nchi: ekipe iliyochukua Kombe la Afrika mwaka 1968 Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0, ilikuwa Congo-Kinshasa, na ile ya 1974 ilikuwa Zaire. Jina la mji nalo ni hivyo, maana hadi 1966 tulikuwa Élisabethville.

Mtego wa pili ni mechi zilizorudiwa. Mtu akiuliza «Fainali ya Kombe la Afrika 1974 iliisha ngapi?», mzee mmoja ataandika 2-2 na mwingine 2-0, na wote wawili wanakumbuka vizuri. Zaire na Zambia walitoka sare ya 2-2 kule Cairo, mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire wakashinda 2-0. Mulamba Ndaye alifunga magoli yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili, na katika mashindano yale yote alifunga 9. Kumbe swali bora limelala humo humo: «Katika fainali ya 1974 na marudio yake, Zaire ilifunga magoli manne. Yalifungwa na wachezaji wangapi?» Jibu ni mmoja. Nalipenda swali hili kwa sababu anayelijua analijua kwa furaha, na asiyelijua akiambiwa hawezi kulisahau. Fainali ya klabu bingwa ya 1967 nayo ina mtego wake: Englebert na Asante Kotoko ya Ghana walitoka 1-1, kisha 2-2, marudio yakapangwa, Kotoko hawakutokea, kombe likaja kwetu. Usiulize «iliisha ngapi». Uliza kwa nini mechi ya tatu haikuchezwa.

Mtego wa tatu ni mwaka. Kombe la Afrika linaloitwa la 2023 lilichezwa Januari na Februari 2024 huko Côte d'Ivoire, na Leopards, ekipe yetu ya taifa, walimaliza wa nne. Ukiuliza «mwaka gani», sema kama unataka mwaka wa jina la mashindano au mwaka wa kuchezwa.

Sasa tuje kwenye simu. Kila kijana ana intaneti mfukoni, na swali la «nani alifunga» linajibiwa kabla hajamaliza kulisoma. Hamwezi kulizuia hilo, na hakuna haja. Andikeni maswali yanayomlazimisha aunganishe mambo mawili au matatu mwenyewe. Mfano: «Kati ya fainali za klabu bingwa za 2009, 2010 na 2015, ni ipi ambayo Mazembe ilishinda mechi zote mbili?» Atafute matokeo yote. 2009 walifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, wakashinda 1-0 nyumbani, goli la ugenini likawabeba. 2010 waliipiga Espérance ya Tunisia 5-0, kisha wakatoka 1-1 Tunis. 2015 waliifunga USM Alger 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani. Jibu ni 2015, na aliyelipata amesoma historia ya misimu mitatu bila kuambiwa asome.

Au hili, linalowatega vijana peke yao: «Zile goli tano dhidi ya Espérance zilifungwa kwenye uwanja gani?» Aliyezaliwa juzi ataandika uwanja wa Mazembe wa Kamalondo. Ule ulifunguliwa mwaka 2011. Zile goli zilifungwa Kibassa Maliba, na baba yake huenda alikuwa kwenye jukwaa.

Changanyeni uzito. Katika kumi, matatu yawe rahisi kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi anajibu (kipa gani wa Mazembe alishangilia kwa kuruka-ruka akiwa amekaa chini? Kidiaba, na dunia nzima ilimwona), matano ya katikati, mawili magumu. Mtu asiyepata hata moja hatarudi wiki ijayo.

Usawa wa ekipe ni lazima. Lupopo nayo ni ya 1939, klabu ya watu wa reli, rangi njano na bluu, na wasomaji wake wakiona maswali saba ya Mazembe na moja lao watakifunga kijarida. Wekeni pia Don Bosco, klabu nyingine ya hapa mjini, na msiogope Kinshasa: Vita Club ilikuwa klabu bingwa ya Afrika mwaka 1973. Wanawake wasisahaulike. Novemba 2024 ekipe ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0 katika fainali. Nimeona wasichana wengi wanaosoma kurasa za mpira kwa makini kuliko kaka zao, na hawaulizwi kitu.

Kumbukumbu za Kombe la Dunia la 1974 nazo ni hazina ya kiangazi, kwa sababu Zaire ilicheza mechi zake zote tatu mwezi wa Juni, kule Ujerumani Magharibi: ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Ni ekipe ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Ulizeni kwa heshima. Swali juu ya Mwepu Ilunga, aliyetoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga faulo yao, limekuwa kichekesho katika nchi nyingi. Hapa alikuwa mchezaji wetu, wa Mazembe, na maneno ya swali yaonyeshe hivyo.

Mwisho wa kila duru ongezeni swali moja lisilo na alama. «Tarehe 14 Desemba 2010 Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya klabu za dunia, mtu wa nyumbani kwenu alikuwa wapi?» Majibu ya swali hilo ndiyo mtakayoyachapa Agosti, wakati hamna habari nyingine ya mpira. Wengine wataandika mstari mmoja, wengine watajaza karatasi mbele na nyuma.

Kupokea majibu

Chapeni kuponi chini ya ukurasa: jina, mtaa na komini, umri, namba ya simu, mistari kumi ya majibu. Wekeni masanduku sehemu mbili au tatu ambazo watu wanapita kwa miguu, kwa kinyozi wa komini ya Kenya, kwenye duka la dawa la Kamalondo, mlangoni mwa chumba cha kusomea. Sanduku liwe na kufuli, na ufunguo usikae kwa mwenye duka. Pokeeni majibu kwa ujumbe wa simu pia, lakini kila jibu la simu lihamishiwe kwenye karatasi siku hiyo hiyo na lipewe namba kama mengine.

Kuna wasomaji wanaosomewa. Mama asiyeandika ambaye mtoto wake anamsomea kijarida jioni ni msomaji kamili. Mruhusuni ajibu kwa mdomo mbele ya mtu wenu, aandikiwe, asomewe alichosema, aweke alama yake.

Jibu la Kiswahili chetu cha hapa, la Kifaransa, au lililochanganya vyote viwili, lote ni jibu. Tahajia ya majina isimkoseshe mtu alama: Kaluyituka, mshambuliaji wa Mazembe, akiandikwa na herufi iliyokosekana bado ni Kaluyituka. Mkichapa kanuni hiyo kwenye masharti, hakuna atakayedai mmempendelea jirani.

Kusahihisha na kuvunja sare

Wekeni wasahihishaji wawili, mmoja wa Mazembe na mmoja wa Lupopo, kila mmoja asahihishe karatasi zote peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana, mtu wa tatu aamue kwa kusoma karatasi ya majibu mliyoiandaa Juni, yenye chanzo cha kila jibu pembeni.

Malalamiko yatakuja. Baba mmoja atafika na gazeti la zamani lililokunjwa mfukoni, alitandaze mezani, aweke kidole kwenye mstari. Mpeni kiti na msikilizeni hadi mwisho. Kama gazeti lake linaonyesha kwamba swali lina majibu mawili, liondoeni swali kwa wote, mtangaze duru inayofuata kwamba duru ile inahesabiwa juu ya tisa, na mshukuruni kwa jina akiridhia. Kama halionyeshi, mwonyesheni chanzo chenu. Msiseme «uamuzi wetu ni wa mwisho» kabla hamjamwonyesha.

Sare zitakuwa nyingi, hasa kwenye duru rahisi. Fanyeni kura hadharani: majina kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja vilivyokunjwa mara mbili, ndani ya sufuria inayoonekana na wote, avute mtoto asiye na ndugu kwenye orodha, na kila jina lisomwe kwa sauti kabla halijaingia humo.

Siku ya zawadi

Iwe mchana, mahali penye kivuli, isizidi saa moja. Someni maswali na majibu kwanza, zawadi baadaye, maana kuna watu watakaokuja kwa ajili ya majibu tu. Aliyeshinda asaini daftari. Mtoto aje na mzazi au mlezi, na picha yake isichapwe bila mzazi huyo kukubali. Namba za simu zisionekane popote kwenye kijarida, na kuponi zikimaliza kazi zichomwe.

Toleo linalofuata lichape majibu yote pamoja na maelezo ya mistari miwili au mitatu kwa kila swali gumu: kwa nini 2015 na siyo 2010, kwa nini Kibassa Maliba na siyo Kamalondo. Ukurasa huo utakatwa, utabandikwa kwenye kinyozi na utabishaniwa hadi mechi ya kwanza ya msimu. Upeni nafasi kubwa kuliko orodha ya washindi.

Mshindi asipofika, mpigieni simu, msubirini wiki mbili, kisha zawadi iende kwa anayemfuata kwa alama. Mfuko wa unga usiusubirishe hivyo kama mahali mnapouweka pana unyevu au panya. Mpelekeeni nyumbani siku ile ile.